James Earl Jones: Mwenye kigugumizi aliyeuza sauti dunia nzima

DOLA 7,000 za Marekani. Hicho ndicho kiasi ambacho James Earl Jones, kwa maelezo yake mwenyewe, alilipwa kumpa sauti Darth Vader katika filamu ya kwanza ya Star Wars mwaka 1977. Kazi yenyewe haikufika hata nusu siku: saa mbili na nusu hivi studioni. Aliingia, akasoma mistari yake, akapokea malipo, akaondoka. Hakutaka hata jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu.

Filamu hiyo, pamoja na marudio yake yote katika majumba ya sinema, imeingiza zaidi ya dola milioni 700. Mwigizaji mwingine wa filamu hiyo hiyo, mkongwe wa Uingereza Alec Guinness, hakutaka kutegemea mshahara peke yake. Alitaka fungu, akapewa asilimia mbili na ushei ya mgao wa mwongozaji George Lucas. Fungu hilo liliendelea kumwingizia pesa hadi alipofariki mwaka 2000.

Tofauti hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa mtu anayevusha mzigo Namanga au Tunduma. Mmoja aliuza kwa mkupuo, akalipwa taslimu, biashara ikaishia hapo. Mwingine alibaki na hisa ndani ya mzigo hata baada ya lori kuondoka. Jones mwenyewe hakuililia biashara hiyo. Alipoulizwa miaka mingi baadaye alisema aliiona ni bahati, kwani wakati ule dola 7,000 zilikuwa pesa za maana kwake.

Sauti ile, hata hivyo, haikuishia mwaka 1977. Jones alifariki dunia Septemba 9, 2024, nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 93, na baada ya kifo chake sauti yake imeendelea kufanya kazi, ikitamka maneno ambayo yeye hakuwahi kuyatamka. Namna ilivyofika huko ni hesabu ndefu, na inaanzia kwa mtoto aliyekuwa hasemi.

Ukimya shambani

James Earl Jones alizaliwa Januari 17, 1931, katika kijiji cha Arkabutla, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka mapema kwenda kutafuta maisha. Kwanza alipigana ngumi, kisha naye akawa mwigizaji. Mama yake, Ruth, alikuwa mtu wa kwenda huku na huko kutafuta kazi. Mtoto akabaki kwa babu na bibi wazaa mama, John Henry na Maggie Connolly, ambao walikuwa wakulima.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, babu na bibi waliihama Mississippi na kwenda kulima Michigan, kaskazini, kama walivyofanya maelfu kwa maelfu ya Wamarekani weusi wa zama zile waliokimbia ubaguzi na umaskini wa kusini. Katika uhamisho huo mtoto alipata kigugumizi. Mwanzoni aling'ang'ana na maneno, kisha akaona afadhali ayaache. Alipoanza shule alikuwa kama bubu, na akabaki hivyo kwa takriban miaka minane. Darasani aliandika majibu kwenye karatasi. Nyumbani alisema kidogo sana. Walioisikia sauti yake bila taabu ni nguruwe, ng'ombe na kuku wa shambani, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, wanyama hawajali mtu anatamka vipi.

Aliyemtoa huko ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari aliyeitwa Donald Crouch. Mwalimu huyo aligundua kwamba kijana asiyesema alikuwa akiandika mashairi. Majira fulani ya baridi, serikali ilipeleka Michigan mabalungi kutoka Florida, kwa treni, yagawiwe kama chakula cha msaada. Ladha ya tunda lile la nchi ya joto katikati ya theluji ilimpagawisha kijana akalitungia shairi la kulisifu. Crouch alilisoma, akamwambia ni zuri mno kiasi cha kutia shaka kama kweli ni lake, na njia pekee ya kuthibitisha kwamba hakunakili popote ni kulighani mbele ya darasa, kwa kichwa, bila karatasi.

Akasimama akalighani. Hakukwama hata neno moja.

Walimu wenye mbinu kama hiyo wapo, na wapo pia wanaoishia kuwachapa watoto wenye kigugumizi wakidhani ni ukaidi. Crouch alikuwa ameona kwamba maneno yaliyopangwa tayari, yenye mapigo, yalipita pale ambapo maneno ya mazungumzo yalikwama. Akaanza kumsomesha kijana kwa sauti kila siku: mashairi, hotuba, tamthilia. Ndipo ikajulikana kwamba wakati wa ukimya, sauti ya kitoto ilikuwa imeondoka na mahali pake imeingia nyingine, nzito kama ngoma kuu.

Kigugumizi chenyewe hakikupona. Jones alisema hivyo maisha yake yote. Katika mazungumzo ya kawaida alilazimika kuyapima maneno, kuyakwepa yale yenye hatari na kuchukua njia nyingine. Ule mwendo wa taratibu ambao watazamaji waliuita wa kifalme, kila neno likitua kwa uzito wake, kwa sehemu kubwa ulikuwa tahadhari ya mtu anayejua kwamba mbele kuna shimo.

Jukwaani, na ufagio mkononi

Chuo Kikuu cha Michigan alikwenda kusomea udaktari. Hakuendelea nao, alihamia idara ya maigizo. Akapita jeshini, akapata cheo cha uofisa, akafunzwa maisha ya vita katika milima yenye baridi ya Colorado. Kabla na baada ya jeshi alifanya kazi katika jumba dogo la maonyesho mjini Manistee, Michigan, akianza kama fundi seremala wa jukwaa. Mwaka 1955 alicheza Othello hapo hapo alipokuwa akigonga misumari.

Kisha New York. Huko alikutana na baba yake, mtu ambaye hakumlea, na wakaanza kufahamiana wakiwa watu wazima wawili wenye kazi moja isiyolipa. Usiku Jones alifanya usafi katika majengo ya watu ili mchana apate nafasi ya kusomea uigizaji. Si habari ya siku chache. Majukwaa makubwa ya Broadway alianza kuyakanyaga mwaka 1957, na kwa muda mrefu alipewa sehemu ndogo ndogo, mtumishi hapa, askari pale, kwa kuwa mwigizaji mweusi hakutarajiwa kubeba mchezo mzima.

Filamu yake ya kwanza, Dr. Strangelove ya mwaka 1964, aliipata kupitia jukwaa. Mwongozaji Stanley Kubrick alikwenda kumtazama mwigizaji mwingine katika mchezo wa Shakespeare, akamwona na Jones, akawachukua wote wawili.

Mlango ulifunguka kwa The Great White Hope. Katika tamthilia hiyo Jones alikuwa Jack Jefferson, bondia aliyeumbwa kutokana na maisha ya Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, ambaye Wamarekani weupe walimtafutia mpinzani kwa kila hali ili wamwangushe. Mchezo ulifika Broadway mwaka 1968. Mwaka uliofuata Jones alipata tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya majukwaa ya Marekani. Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 1970, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Kabla yake mtu mweusi aliyewahi kuteuliwa katika nafasi hiyo alikuwa mmoja tu, Sidney Poitier.

Wanaomjua kwa sauti tu wanamjua nusu. Kazi yake kubwa kuliko zote huenda ni ya jukwaani mwaka 1987, katika tamthilia ya Fences ya August Wilson. Alicheza Troy Maxson, mzoa taka wa mji wa Pittsburgh ambaye ujanani alikuwa mchezaji hodari wa besiboli lakini rangi yake ikamfungia ligi kuu. Uchungu huo Troy anauhamishia kwa mwanawe: kijana anataka kucheza mpira, baba anakataa, anamwambia atafute kazi ya mikono. Hapo Jones hakuwa na barakoa wala mitambo. Ni baba mwenye hasira uwanjani kwake, mwenye mapenzi asiyojua kuyasema. Alipata Tony ya pili.

Inafaa kuangalia orodha ya kazi zake kwa jicho hilo. Troy ni baba. Darth Vader, kama filamu ya pili inavyofichua, ni baba. Mufasa ni baba. Mfalme wa Zamunda ni baba. Mtu aliyekulia mikononi mwa babu, asiyemjua baba yake hadi utu uzima, ndiye aliyepewa kuwa sauti ya akina baba wanaojulikana zaidi katika sinema. Tuzo nyingine zilikuja kwa mfululizo: mbili za Emmy kwa mkupuo mmoja mwaka 1991, Grammy, nishani ya taifa ya sanaa, na Oscar ya heshima mwaka 2011.

Mwili wa mmoja, sauti ya mwingine

Ndani ya vazi jeusi la Darth Vader alikuwamo David Prowse, mnyanyua vyuma mrefu kutoka Bristol, Uingereza. Prowse aliigiza kwa mwili na kutamka mistari yote wakati wa kupiga picha. Lakini lafudhi yake ya kusini-magharibi mwa Uingereza haikumfaa jitu la kutisha, na George Lucas akatafuta sauti nyingine ya kuweka juu yake. Pumzi zile za kukoroma zilitengenezwa na fundi sauti Ben Burtt kwa kurekodi upumuaji kupitia kifaa cha wapiga mbizi. Maneno yakatoka kwa Jones.

Kwa hiyo Vader mmoja alijengwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Prowse alibaki na kinyongo kwa miaka mingi. Jones alijiona ametoa huduma ndogo tu, kama fundi wa moshi na milipuko, na ndiyo sababu hakutaka jina lake liandikwe katika filamu mbili za kwanza. Alikubali mwaka 1983, filamu ya tatu ilipotoka, wakati ambapo hakukuwa tena na mtu wa kudanganywa.

Kazi hiyo aliielewa vizuri kuliko alivyojifanya. Alieleza kwamba siri ya Vader ni kubana: sauti inakaa ndani ya nafasi nyembamba, haipandi kwa furaha wala haishuki kwa huzuni. Katika filamu ya pili alijaribu kumpa utu kidogo zaidi. Akaambiwa hapana, arudi kule kule.

Baada ya hapo sauti ikawa bidhaa inayojitegemea. Maneno matatu ya kuitambulisha CNN, ambayo kwa miaka mingi yalisikika kwenye televisheni za hoteli na viwanja vya ndege katika kila nchi, ni ya kwake. Alisoma Agano Jipya kwenye kanda. Alitangaza huduma za simu. Kila kazi ilikuwa fupi, na kila moja ilirudiwa mara maelfu.

Katika masoko ya mipakani biashara ya aina hii haijifichi. Kwenye meza ya mitumba spika ndogo inarudia bei kutoka asubuhi hadi jioni, kwa sauti ya mtu aliyelipwa mara moja, ambaye huenda wakati huo huo yuko mji mwingine akihangaikia nauli. Mwenye meza analipia sauti siku moja, anaitumia mwaka. Spika ikipelekwa ng'ambo ya mpaka, sauti inavuka nayo na haigongewi muhuri.

Mufasa, Zamunda na shati la Hakuna Matata

Afrika Mashariki ilimjua Jones kwa sura kupitia Coming to America ya mwaka 1988, alipocheza Mfalme Jaffe Joffer wa Zamunda, baba wa mwana mfalme aliyeigizwa na Eddie Murphy. Zamunda ni Afrika ya kubuniwa, yenye tembo wanaopita bustanini na watumishi wa kumwaga maua njiani. Mtu wa Arusha au Kampala angeweza kuisusia. Hakuisusia, na sababu mojawapo ni Jones: ametupiwa ngozi ya simba begani, filamu nzima inafanya mzaha, yeye hacheki, na mfalme anabaki mfalme.

Malkia wake katika filamu hiyo alikuwa Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaica. Miaka sita baadaye wawili hao walikutanishwa tena, safari hii wakiwa simba. Katika The Lion King ya Disney ya mwaka 1994, Jones ni sauti ya Mufasa na Sinclair ni sauti ya Sarabi.

Kwa Vader sauti ilikuja mwisho, picha zikiwa tayari. Kwa Mufasa mambo yalikuwa kinyume. Katika katuni za aina ile waigizaji hurekodi kwanza, kisha wachoraji wanachora midomo na nyuso kuifuata sauti, kwa hiyo namna Jones alivyovuta pumzi ndiyo iliyoongoza kalamu. Kabla ya hapo, mwaka 1991, baadhi ya wasanii wa filamu hiyo walikuwa wamefika Kenya, katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kuangalia majabali, nyasi na mwanga. Walirudi na michoro, na filamu ikapambwa kwa maneno ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, Shenzi. Jina la Mufasa lenyewe halimo katika lugha hii, ingawa wageni wengi huamini limo.

Na kulikuwa na hakuna matata. Maneno hayo yalikuwa yameshazunguka dunia tangu mwaka 1982 kupitia wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms kutoka Mombasa. Mwaka ilipotoka filamu, Disney iliomba Marekani isajiliwe kama alama yake ya biashara kwenye mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Wengi huku walikuja kuyajua hayo mwishoni mwa 2018, lilipoanzishwa ombi la mtandaoni la kupinga, lililokusanya saini zaidi ya 100,000. Alama ya biashara hulindwa katika nchi iliposajiliwa, na kwa aina ya bidhaa iliyotajwa. Haimzuii mtu kuyasema maneno. Lakini mwenye fulana zilizochapishwa hakuna matata, anayetafuta soko la Marekani, anakutana na jina la kampuni juu ya maneno aliyofundishwa na mama yake.

Filamu ya 1994 imekusanya zaidi ya dola milioni 900. Ilipotengenezwa upya mwaka 2019, waigizaji wa sauti wote walibadilishwa isipokuwa mmoja. Jones, akiwa na miaka 88, alirudi kuwa Mufasa. Filamu hiyo ya pili ilivuka dola bilioni 1.6.

Alikuwa na kazi nyingine zinazoihusu Afrika, zisizojulikana sana na zenye uzito zaidi. Mwaka 1995 alicheza Mchungaji Stephen Kumalo katika filamu ya Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini mara tu baada ya ubaguzi kuondoka. Kumalo ni mzee wa kijijini anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe na kumkuta ana kesi ya mauaji. Sauti ile kubwa hapo aliikunja, akaifanya ndogo, ya mtu anayeogopa kuuliza njia.

Kuuza akiwa hai

Katika miaka yake ya mwisho sauti ilianza kuchoka, kama inavyochoka kwa kila mzee. Mkewe, mwigizaji Cecilia Hart, alifariki mwaka 2016. Jones alikuwa na kisukari cha muda mrefu, jambo alilolitangaza mwaka huo huo. Mwaka 2021 alionekana kwa mara ya mwisho kama mfalme wa Zamunda, amelala kitandani, akiamuru mazishi yake yafanyike yeye mwenyewe akiwa hai ili asikose sherehe.

Mwaka 2022 ikajulikana kwamba alikuwa ametia saini kuruhusu rekodi zake za zamani zitumike kumtengenezea Vader maneno mapya kwa akili mnemba. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Respeecher ya Ukraine. Mashine hufunzwa kwa saa nyingi za rekodi. Kisha mtu mwingine anasoma mstari mpya, na mashine inauvika mstari huo sauti ya Jones, tena Jones wa miaka ya sabini na themanini, si mzee wa miaka tisini. Vader wa mfululizo wa televisheni wa Obi-Wan Kenobi alitengenezwa hivyo. Mafundi wa Respeecher walikuwa katikati ya kazi Februari 2022 wakati Urusi ilipoivamia nchi yao, na waliendelea kutuma sauti Marekani huku ving'ora vikilia.

Ukiilinganisha saini hii na ile ya 1977, Jones hakufanya biashara ile ile mara mbili. Mara ya kwanza aliuza kazi ya saa mbili na nusu, na hakuna aliyejua kwamba ndani yake kulikuwa na kitu cha kudumu. Mara ya pili aliuza chombo chenyewe, akijua, akiwa hai na mwenye akili timamu, na familia yake ikiwa upande wake. Wengi walioingia kwenye biashara ya sauti hawakupata nafasi ya mara ya pili.

Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma kwa siku 118 mwaka 2023, na matumizi ya akili mnemba yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Waigizaji wa michezo ya kompyuta nao waligoma kuanzia Julai 2024, na walikuwa bado nje Jones alipofariki. Madai yao yalihusu ridhaa na malipo: sauti ya mtu isinakiliwe bila yeye kukubali, na ikinakiliwa alipwe.

Afrika Mashariki ina watu wake wanaokula kwa sauti. DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda walijenga majina kwa kusimulia filamu za nje kwa lugha za nyumbani, na Tanzania kizazi cha kanda na diski kinalikumbuka jina la Lufufu. Abiria wa mabasi ya usiku wanawajua kuliko wanavyowajua waigizaji wenyewe. Kazi zao hunakiliwa kutoka flashi hadi flashi, kibanda hadi kibanda, na masaa ya sauti zao yaliyozagaa mtandaoni ni malighafi ya kutosha kwa mashine ya aina ile iliyofunzwa kumwiga Jones. Ridhaa ya Jones ilikuwa na wanasheria nyuma yake. Msimulizi wa kibandani ana namba ya simu iliyoandikwa kwenye jalada.

Desemba 2024, miezi mitatu baada ya mazishi, ilitoka filamu ya Mufasa: The Lion King, inayosimulia ujana wa simba huyo. Sauti ya Mufasa kijana ilikuwa ya Mwingereza, Aaron Pierre, na filamu inafunguliwa kwa kumkumbuka Jones. Hapo mrithi alikuwa mtu, akapewa kazi, akalipwa.

Mei 2025 mambo yakaenda njia nyingine. Mchezo wa kompyuta wa Fortnite ulimleta Darth Vader anayeweza kuzungumza na mchezaji papo kwa papo, akijibu chochote anachoulizwa, kwa sauti ya Jones iliyotengenezwa na mashine. Familia ilikuwa imeridhia. Haikuchukua muda wachezaji wakamchokoza hadi akatoa matusi, maneno ya kutamkwa na mtu aliyekwishazikwa, na wenye mchezo wakakimbilia kurekebisha.

Siku chache baadaye SAG-AFTRA ikawasilisha malalamiko rasmi dhidi ya kampuni tanzu ya waliotengeneza mchezo. Haikupinga haki ya Jones na familia yake kuikodisha sauti yake. Iliwataja waigizaji ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiajiriwa kuiga mwendo na mlio wa Vader katika michezo ya kompyuta, kazi ambayo sasa mashine ilikuwa imepewa bila chama kuitwa mezani. Watu kama Scott Lawrence na Matt Sloan walimfanya Vader aseme katika michezo hiyo kwa koo zao wenyewe, wakibana sauti ndani ya ile nafasi nyembamba aliyoitengeneza Jones mwaka 1977, wakilipwa kwa kila kazi.